Kuhama Nairobi kuja Mombasa na 120,000 mkononi: zatosha?

Mhamiaji_Donholm aliuliza:

Salamu wana Pwani. Tunapanga kuhamia Mombasa mwezi wa nane, mimi, mke wangu na watoto wawili wa shule ya msingi. Kazi yangu ni ya mtandaoni, kwa hivyo mshahara haubadiliki. Hapa Donholm nalipa 35,000, vyumba viwili vya kulala, maji yamo ndani ya kodi. Nimeona nyumba kama hiyo Kiembeni na Mtopanga kwa 22,000, maana yake nabakisha 13,000 kila mwezi. Nimetenga 120,000 za kuhama. Hesabu imekaa sawa? Na lori nitafute huku Nairobi au huko kwenu?

---

Utingo_wa_Mazeras:

Karibu. Nianze na lori, maana hapo una bahati ambayo wengi hawaioni. Mizigo ya nchi hii hupanda. Bandarini kwenda bara magari yamejaa, kuteremka mengi ni matupu. Canter za Pwani zinazopeleka nazi, madafu na embe Nairobi zikishashusha hutafuta chochote cha kurudi nacho. Wewe unahama kwa njia ile ile zinayorudi nayo. Kwa hivyo tafuta lori la Mombasa linalorejea kwao, usichukue la Nairobi litakalokutoza safari mbili.

Ili usibabaishwe kwenye bei, jua gharama ya mwenye gari. Ni kama kilomita 485. Canter yenye mzigo wa nyumba hula lita moja kwa kilomita tano au sita, yaani lita 80 hadi 97. Piga mara bei ya dizeli ya siku hiyo. Ikiwa 170, ni 14,000 hadi 16,500 kwa njia moja. Lori la Nairobi lazima likulipishe na ya kurudi tupu, ilhali la Mombasa lingeunguza hiyo dizeli hata bila wewe. Juu yake ongeza dereva, utingo na faida, halafu ujadiliane ukijua sakafu iko wapi. Kwenye bajeti weka 40,000, ukipata kwa chini ni nafuu yako.

Kinachoharibika mara nyingi si barabara, ni mapatano. Gari linafika mlangoni pako, dereva anasema makuli hawakuhesabiwa, au nyumba iko ghorofa ya tatu na yeye aliambiwa chini. Vyombo viko ndani ya gari lake, utafanya nini? Utalipa. Kwa hivyo andikianeni kabla: nambari ya gari, kitambulisho cha dereva, makuli wa kupakia na wa kushusha wanalipwa na nani, ghorofa ya ngapi huku na kule, turubai lipo. Nusu ulipe gari likishapakiwa, nusu kitu cha mwisho kikishashuka. Utakayemkuta anataka zote mapema, mwache aende.

Wengine watakuambia uchanganye mzigo na mtu mwingine. Ni rahisi kwa bei, lakini gari halitoki mpaka lijae, na wa mwisho kupakia ndiye wa kwanza kushusha. Kwa familia yenye watoto sikushauri.

Chukua barua ya mwenye nyumba wako wa sasa kuwa huna deni la kodi. Askari akisimamisha gari la vyombo usiku, swali lake la kwanza ni hilo. Pakieni mchana, gari liondoke jioni, lifike asubuhi. Lori hukaa njiani saa kumi hadi kumi na mbili, na foleni ya matrela kuanzia Mariakani hadi Changamwe inaweza kuongeza mawili matatu. Ukifika kisiwani jioni, Buxton na daraja la Nyali vitakumaliza, na Kiembeni lazima uvuke hapo.

---

MamaTudor:

Lori lalipwa mara moja. Maji yalipwa kila siku, na ndiyo yatakayokula hizo 13,000 zako, ndugu yangu.

Ile nyumba ya 22,000, uliza kwanza maji yake. Mji huu hutegemea mabomba ya mbali, Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, na hayatoshi. Kwa hivyo ni zamu. Mtaa mmoja mfereji hutoka siku tatu kwa wiki, wa pili mara moja, wa tatu mfereji ni pambo tu. Yakikosekana unanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Watu wanne wakijibana hutumia lita 200 kwa siku, mitungi kumi. Kwa shilingi 20 mtungi ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi. Ukipanda ghorofani au maji yakiadimika, mtungi hupanda bei.

Jambo la pili: tamu au chumvi? Mwenye nyumba atakuambia "maji yapo saa zote", naye hasemi uongo, yapo ya kisima. Onja. Kisha osha mikono kwa sabuni, na ikikataa kutoa povu ni chumvi hiyo. Tazama kichwa cha bafu na mdomo wa mfereji kama vina ukoko mweupe. Maji hayo hula hita ya bafuni, huua mashine ya kufulia, nguo nyeupe hufifia, na ya kunywa na kupikia utanunua bado. Usimwulize dalali haya, muulize jirani anayeanika nguo: mfereji hutoka siku gani, tangi ni la lita ngapi na ni la nyumba ngapi, tokeni za stima ya pampu analipa nani. Hilo la pampu husahauliwa, kumbe wapangaji huchanga kila mwezi.

Stima sasa. Donholm hukuhitaji chochote cha kupoza. Hapa kiyoyozi cha kawaida kikiwashwa kwa muda wa saa nane kila usiku hula kama uniti sita. Ukihesabu shilingi 30 kwa uniti pamoja na makato, ni 180 kwa usiku, 5,400 kwa mwezi, tena kwa chumba kimoja. Jumlisha na maji: 13,000 toa 6,000 toa 5,400, umebakisha 1,600. Umehama mji kwa 1,600! Panka mbili za wati 60, saa kumi kila usiku, ni uniti 1.2, yaani kama 1,080 kwa mwezi. Anza na panka. Na ujue tokeni zina madaraja: wastani wako ukipita uniti 100 kwa mwezi, kila uniti yakujia kwa bei ya juu.

Kwa hivyo linganisha nyumba na nyumba, usilinganishe mji na mji. Yenye madirisha pande mbili upepo upite, tangi kubwa na maji matamu, hata ikiwa 26,000, ni rahisi kuliko hiyo ya 22,000. Piga hesabu mwenyewe. Ya 22,000 yenye maji ya mtungi na panka inakuachia 5,920 kwa mwezi. Ya 26,000 yenye maji tamu ndani ya kodi na panka hizo hizo inakuachia 7,920.

---

Seremala_Majengo:

Wote wawili wamesema kweli ila hamjamwambia nini asipakie. Kaka, vitu vingi vya Nairobi havifai huku. Kabati na meza za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, uza huko huko. Unyevu wa bahari huingia kwenye kingo, ubao unavimba kama mkate, bawaba zinang'oka, na ukishavimba haurudi. Zulia la ukuta hadi ukuta, uza, litaota ukungu. Mablanketi mazito bakisha moja. Kochi la ngozi bandia linachubuka kwa joto na jasho, uza pia.

Beba mbao ngumu: mvule, mninga, mkoko kama unao. Kitanda cha chuma unaweza kukileta, lakini kabla ya kukiunga tena kwangua kutu na upake rangi ya kuzuia kutu kwenye viungio, hapo ndipo chumvi huanzia. Skrubu za kawaida badilisha za shaba au zisizoshika kutu. Kabati lolote liache sentimita tano kutoka ukutani hewa ipite, na miguu isikae juu ya sakafu yenye unyevu, mchwa huku hawana huruma.

Kiyoyozi hata mimi sikipendi, lakini televisheni na kompyuta zako usizipange dirishani upande wa bahari. Kama kompyuta ndiyo inayokulisha, uifunike usiku.

---

Mhamiaji_Donholm:

Shukrani sana. Basi 120,000 hazitoshi? Na mwezi wa nane ni sawa? Halafu friji na mtungi wa gesi vinasafirishwa vipi?

---

MamaTudor:

Hazitoshi. Kodi ya mwezi wa kwanza na depositi, kwa nyumba ya 26,000, ni 52,000. Dalali huchukua nusu ya kodi au kodi nzima, weka 13,000, na usimlipe kabla ya kushika funguo. Anayedai "ada ya kuonyeshwa" kwa kila nyumba, achana naye. Lori 40,000, makuli na maboksi 6,000. Mmoja wenu aje kwanza siku tatu kutafuta nyumba, treni na malazi, 8,000. Familia kuja kwa treni daraja la kawaida ni 1,500 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu, jumla 4,500. Hapo ni 123,500, na bado hamjanunua panka, chandarua, tangi dogo wala sare mbili za shule. Tafuta 150,000, na depositi ya Donholm usiihesabu, mara nyingi hurudishwa baada ya kukaguliwa rangi na mifereji, wewe ukiwa umeshaondoka. Toa notisi ya mwezi mzima kwa maandishi.

Ukitumia hizo 150,000, nyumba ya 26,000 hukurudishia kwa miezi 19, ile ya 22,000 kwa miezi 26.

Mwezi wa nane ni mzuri. Masika imeshapita, ni kusi, baridi kidogo kwa hapa, na shule zimefunga. Ila msidanganyike na hali ya hewa ya Agosti. Mkikagua chumba, kipimeni kwa kufikiria kaskazi ya Januari na Februari, saa tisa mchana: jua la magharibi linapiga ukuta gani? Chumba cha watoto kisiwe hicho. Hameni katikati ya mwezi, si mwisho, maana mwisho wa mwezi kila mwenye lori ana mteja. Shule ya zamani iwaachilie watoto kwenye mfumo wa wizara kabla hamjaondoka, la sivyo shule mpya haitaweza kuwasajili.

---

Utingo_wa_Mazeras:

Friji izimwe siku moja kabla, iyeyuke, ikaushwe, mlango ufungwe kwa kamba. Isafiri wima. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha papo hapo unaiua. Ikisafiri wima, iache saa nne kabla ya kuiwasha. Ikiwa ililazwa, ngoja siku nzima.

Mtungi wa gesi usifikirie kwenda nao kwenye treni, Syokimau watauzuia kwenye ukaguzi. Umalize gesi kwanza, ufunge valvu, uje kwenye lori ukiwa umesimama, mbali na godoro. Visu vya jikoni navyo viweke huko huko.

Tikiti za treni kata mapema kwa *639#, wikendi za likizo hujaa. Na stesheni ya hapa iko Miritini, si mjini, kwa hivyo weka nauli ya matatu au tuktuk ya kufikia Kiembeni.