Tupeane uzoefu: siku jua na sumu ya shambani vilipokukuta pamoja

Mwanzisha mada, Ruaha Mbuyuni

Ndugu zangu, kwa misimu tisa nimepulizia nyanya na vitunguu kwa mgongo wangu mwenyewe katika bonde hili, na kwa misimu yote tisa kile nilichobeba nilikiita dawa. Dukani tunaulizia dawa ya kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, nyumbani tunasema baba amekwenda kupiga dawa, na kibarua akiitwa asubuhi huambiwa kwamba leo ni siku ya dawa. Naamini neno hilo limetuponza, kwa sababu hakuna aliyelelewa kuiogopa dawa. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, wengi wetu tumepulizia mara nyingi zaidi, tumeongeza kipimo, na tumezoea kuchanganya chupa mbili au tatu katika bomba moja, tukiamini kwamba tunaitibu nyanya.

Hata hivyo, ninalotaka hasa tulizungumze ni jambo nililolijua baada ya kuanguka, nalo ni kwamba jua na sumu havimpigi mtu kwa zamu. Jua huifungulia sumu mlango, na baadaye ndilo linalobebeshwa lawama.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Nilianza saa tatu asubuhi badala ya alfajiri kwa kuwa maji ya mfereji yalichelewa kufika. Bomba langu la lita 16 lilikuwa na mpira wa mfuniko uliolika, hivyo kila nilipoinama kidogo maji yalimwagika shingoni, yakateremka mgongoni mpaka kiunoni, na kwa joto lile niliuona ubaridi wake kuwa nafuu. Koti la mvua nililolivaa kama kinga nililivua nikiwa kwenye bomba la nne, maana nilikuwa naiva ndani yake. Kufikia bomba la kumi na moja kichwa kilikuwa kinagonga, nikasema ni jua. Nikatapika, nikasema ni jua pamoja na njaa. Nilikaa chini ya mbuyu, nikatoa simu ili nimpigie mke wangu, na nilipoinama mate yakadondoka kwenye kioo cha simu, mengi na mepesi kama maji, bila mimi kuyatema. Nilipotaka kuyafuta niliona nyama ya kidole gumba ikirukaruka yenyewe chini ya ngozi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hili si jua.

Naomba kila mwenye kisa chake akieleze: ulikuwa unafanya kazi gani, saa ngapi, ulivaa nini, na ulidhani ni kitu gani kabla hujaujua ukweli.

Ofisa tabibu, zahanati ya kijiji, Karatu

Pole sana kaka, na nashukuru kwamba umeyataja yale mate, kwa sababu ndiyo yanayotuonyesha njia. Viuatilifu vingi vya kuulia wadudu vilivyo katika kundi la oganofosfati, kama klopirifosi, profenofosi na daimethoeti, hukizuia kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuizima ishara ya neva baada ya msuli au tezi kuiitikia. Kikizuiwa, ishara haizimiki: tezi za mate, machozi na jasho hufanya kazi bila kukoma, tumbo husokota, misuli hutetema, mboni ya jicho husinyaa mpaka ikawa kama ncha ya sindano, na kifua hujaa majimaji kiasi cha kumnyima mtu pumzi. Ukiutazama mwanzo wa safari hiyo, yaani jasho, maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika, utaona ni yaleyale anayoyasema mtu aliyezidiwa na joto, na hayako mbali na anayoyasema mgonjwa wa malaria.

Nakiri kosa langu hapa. Mwanzoni mwa kazi yangu aliletwa kijana kutoka kwenye mashamba ya vitunguu akiwa analowa jasho. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikasema ni joto, nikamtundikia dripu, nikamruhusu aende nyumbani akiwa na shati lilelile alilopulizia. Alirudishwa jioni akihema kwa shida, tukamkimbiza hospitali ya wilaya, na ninamshukuru Mungu kwamba alipona. Tangu siku ile, mtu yeyote anayetoka shambani namwangalia mboni kwa tochi kabla ya kumuuliza swali lolote, na nguo zake zinavuliwa hapohapo mlangoni.

Kuhusu ule mlango unaousema, sehemu kubwa ya sumu inayompata mpulizaji hupitia kwenye ngozi. Mwili ukipata joto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka ili kulitoa joto, na ngozi iliyolowa jasho huipitisha sumu kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Ngozi ya kinena na korodani hupitisha mara nyingi zaidi kuliko ya kiganja, na kwa hiyo bomba lile lililovuja mpaka kiunoni lilikuwa limechagua njia mbaya kuliko zote.

Ndugu zangu, mkimleta mgonjwa njooni na chupa au lebo yake. Atropini ndiyo dawa tunayoitumia kwa kundi hili, na dozi yake hurudiwa mpaka kifua kikauke, lakini haiwezi kumsaidia aliyepatwa na kiuatilifu cha makundi mengine mengi, na mimi siwezi kukitambua kwa kunusa.

Kibarua, Mang'ola

Shikamoo daktari. Suala hilo la lebo limenigusa, kwa sababu sisi vibarua mara nyingi hatuioni. Tajiri wangu wa msimu uliopita alikuwa ananunua ya kupimiwa, na inafika shambani ikiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, imefungwa kwa nailoni mdomoni, na kipimo tunachoambiwa ni vifuniko viwili kwa bomba. Siku nilipozidiwa niliulizwa hospitalini ni dawa gani, nikajibu kwamba ni ile nyeupe inayonuka kitunguu saumu. Muuguzi aliandika maneno hayo kama nilivyoyasema, na nilimwona akiitazama karatasi yake kwa muda bila kujua aendelee vipi.

Jambo la pili ni maziwa. Tulikuwa tunapewa pakiti moja ya maziwa baada ya kazi, na tuliamini kwa dhati kwamba yanaiondoa sumu mwilini, kiasi kwamba nikishayanywa nilijilaza kivulini na nguo zangu mpaka jioni. Naomba kuuliza kama maziwa hayo yana msaada wowote.

Ofisa tabibu, Karatu

Marahaba mdogo wangu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi sumu iliyokwisha kuingia kupitia ngozi. Kilichokuumiza zaidi ni ule muda uliolala na nguo zile, kwa sababu kila saa iliyopita sumu ilikuwa inaendelea kuingia. Bora upewe kipande cha sabuni na ndoo mbili za maji palepale shambani. Na kwa aliyekunywa sumu kwa bahati mbaya, msimlazimishe kutapika. Mlazeni ubavu na mumwahishe hospitali.

Mfanyakazi wa zamani wa maua, Naivasha

Mimi niliwahi kufanya kazi katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha, na sikuwahi kubeba bomba hata siku moja, kwa hiyo kwa miaka mingi niliamini kwamba habari hizi haziwahusu wavunaji. Kazi yangu ilikuwa kukata waridi. Kanuni ilikuwa kwamba baada ya kunyunyizia, mlango wa grinihausi unawekewa alama nyekundu na hakuna anayeingia mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Katika majuma ya kabla ya Sikukuu ya Wapendanao mwezi Februari, maagizo yanapokuwa mengi, alama ile ilitolewa mapema, nasi tukaingia huku majani yakiwa bado yana umande wa kemikali. Ndani ya plastiki ile joto ni zaidi ya nje na hewa haisogei, na mimi nilikuwa nazikunja mikono ya dasti langu, yaani koti la kazi, mpaka juu ya kiwiko. Miiba ya waridi inakwaruza, jasho linaingia kwenye mikwaruzo, na kila kilicho juu ya jani kinaingia pamoja na jasho.

Nilidhani ni mzio wa maua. Ngozi ya mikono ilibabuka, macho yakawa yanaona ukungu kila alasiri, na kila alasiri msimamizi alinishauri ninywe maji. Tulichokipigania baadaye, tukiwa wanawake sita, kilikuwa ni saa ya kunyunyizia iandikwe ubaoni kwa kalamu, ili kila mmoja aweze kuhesabu mwenyewe. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na vilikuwepo kwa wanyunyiziaji, lakini mvunaji ambaye hajui imenyunyiziwa saa ngapi hana kinga hata akivaa glavu.

Mkata miwa, Morogoro

Kwangu mimi sumu haikuwepo, au labda ilikuwa kidogo tu kutoka kwenye dawa ya magugu. Kisa changu ni cha jua. Miwa yetu huchomwa moto kabla ya kukatwa, kwa hiyo unaingia kwenye ardhi yenye majivu meusi, unavaa nguo nzito kwa sababu ya majani yanayokata, na malipo ni kwa kiasi ulichokata, hivyo anayekwenda kunywa maji anajihesabia hasara. Wiki yangu ya kwanza nilitaka kuwafikia wenyeji waliokwisha kuzoea. Siku ya tatu misuli ya mapaja ilikaza mpaka nikashindwa kukunja goti, na jioni nilikojoa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilimeza vidonge viwili vya diklofenaki ili kesho yake niweze kuamka, na nikaamka, nikarudi kukata.

Baadaye nilielezwa kwamba mwili mgeni huhitaji kama wiki moja mpaka mbili kulizoea joto, na kwamba vidonge vile vya maumivu huyabana mafigo yaliyokwisha kukaukiwa maji. Huko Nicaragua na El Salvador kuna vijana wakata miwa wengi waliopoteza mafigo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu, na kazi nzito katika joto ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Huko waliofanya jambo la maana walianza na maji, mapumziko na kivuli, yaani hema linalohama pamoja na wakataji badala ya mti ulio mbali. Mafigo yangu yalipimwa na yana kasoro. Nilipotaka kudai, sikuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kuajiriwa.

Mzee wa pamba, Meatu

Wanangu, nawasoma nikiwa na huzuni. Sisi tulipulizia pamba kwa endosulfani miaka na miaka, ile ambayo mwaka 2011 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani. Nozeli ya bomba ikiziba tuliichomoa, tukaiweka mdomoni na kuipuliza, kisha tukatema mate na kuendelea. Hakuna aliyetuambia tutumie unyasi. Nilikuwa na kaka yangu tuliyefanya naye kazi hiyo, na nilimwona akidondoka mistarini akitetemeka mwili mzima. Tulisema amerogwa, na kwa kweli tulimpeleka kwa mganga wa kienyeji kwanza. Hakufika hospitali.

Mwanzisha mada, Ruaha Mbuyuni

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kumpoteza kaka. Nimesoma maelezo yako mara mbili.

Kwa wanaouliza ninafanyaje sasa: ninapulizia kuanzia saa kumi na mbili alfajiri na ninaacha saa tatu, hata kama shamba halijaisha. Saa hizo upepo umetulia, na mtu anaweza kuvumilia ovaroli ya pamba yenye mikono mirefu na glavu za mpira, ambazo saa saba mchana hakuna binadamu atakayezivumilia. Koti la mvua nimeliacha. Mgongoni, chini ya bomba, navaa kipande cha nailoni nene kilichofungwa kama mbeleko, na kila msimu nanunua mpira mpya wa mfuniko, ambao bei yake ni ndogo kuliko soda. Pia naangalia mstari wa rangi ulio chini ya lebo, unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu siinunui, na ya njano naiheshimu kama nyoka. Kibarua wangu akiniambia kichwa kinamuuma, kazi inasimama na posho yake ya siku analipwa yote, kwa sababu nisipomlipa hataniambia.

Mke wa mpulizaji, Kilolo

Naomba nami niseme, kwa kuwa wote mliotangulia mmezungumzia wanaokwenda shambani. Mume wangu alikuwa akirudi anavua shati na suruali, anaviweka kwenye beseni pamoja na nguo nyingine, nami navifua kwa mikono mitupu, mara nyingi saa nane mchana jua likiwa kali, mtoto akiwa mgongoni. Maji yale yalikuwa yanabadilika kuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Niliumwa kichwa kila siku ya kufua, na nilidhani ni ujauzito, kisha nikadhani ni jua, na sikuwahi kulifikiria beseni, mpaka dada mmoja wa kliniki alipoinusa kanga niliyombebea mtoto.

Sasa kuna ndoo nyekundu iliyo nyuma ya choo, ambayo haiingii ndani wala haichotewi maji ya kunywa. Nguo anazivua hukohuko, anazilowanisha kwa sabuni mwenyewe akiwa na glavu zake, na mimi naziona tu zikiwa kwenye kamba yake pekee, upande ambao watoto hawachezi. Anaoga kabla hajamshika mtoto. Mwanzoni mtoto alikuwa akilia kwa kuzuiwa kumkimbilia baba yake mlangoni, lakini siku hizi humsubiri kwenye mkeka huku akimwuliza kwa sauti kama ameshamaliza kuoga.