Mjane wa Stoker alikuwa na haki ya kutaka Nosferatu iteketezwe?

Mleta mada: Wadau, hili naomba tulijadili kwa hoja. Mwaka 1922 kampuni ya Prana-Film ya Ujerumani ilitoa Nosferatu, filamu isiyo na sauti iliyoongozwa na F. W. Murnau. Kisa ni cha Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897 kuhusu mnyonya damu wa jina hilo. Dracula wakamwita Orlok, London wakaigeuza mji wa Kijerumani. Ruhusa hawakuomba, malipo hawakutoa, na bado mwanzoni mwa filamu wakakitaja kitabu. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, akaenda mahakamani. Kampuni ilikwisha kufilisika, hapakuwa na cha kumlipa, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Tunaitazama leo kwa sababu baadhi zilinusurika.

Mimi nasema kudai ilikuwa haki yake, kuteketeza hapana. Dracula wa kitabuni hutembea hata mchana. Mnyonya damu kuuawa na mwanga wa jua, jambo ambalo leo kila mpenzi wa filamu za kutisha analijua, limeanzia kwa Murnau. Tauni inayoingia mjini na panya wa melini nayo ni ya filamu. Halafu kile kivuli cha Orlok kinachopanda ngazi, vidole vimenyooka kuelekea mlangoni! Nimekisoma kitabu chote, hakuna ukurasa ulionitisha kiasi hicho.

Mchangiaji: Uzuri haufuti deni. Stoker alifariki 1912, na mkewe alitegemea mapato ya kitabu kile. Mwizi akisamehewa kwa kuwa ana kipaji, mwandishi atabaki na nini? Na huyo mama hakuwa adui wa sinema. Walipokuja watu na mkataba aliwauzia haki, ndiyo maana kampuni ya filamu ya Universal ya Marekani walitoa Dracula yao ya 1931 kihalali.

Mleta mada: Deni nalikubali tangu mwanzo. Ila hiyo ya 1931 nimeitazama pia. Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula, anatisha kweli, lakini sehemu kubwa watu wako sebuleni wanaongea, kwa sababu ilitokana na mchezo wa jukwaani. Murnau hakuwa na sauti kabisa, akalazimika kutisha kwa picha tupu, na kazi hiyo ndiyo iliyokaribia kugeuzwa majivu. Amri ile haikumpa mjane hata senti moja. Mnaoitetea nijibuni: angepungukiwa nini kama mahakama ingemkabidhi filamu yenyewe, na kila ikionyeshwa alipwe yeye?