Ukomo wa kudai kodi ya mapato iliyokatwa zaidi nilipokuwa masomoni Uingereza

Mwalimu wa Ihumwa, 11 Novemba 2025

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nilisoma shahada ya uzamili nchini Uingereza kuanzia Septemba 2020 hadi mwishoni mwa Oktoba 2022, kisha nikarejea Dodoma ambako ninafundisha hadi sasa. Viza ya mwanafunzi iliniruhusu kufanya kazi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa hizo nilizigawa kati ya nyumba ya kutunzia wazee na mgahawa mmoja. Nyumba ya wazee haikuwahi kunikata kodi ya mapato, lakini mgahawa ulinikata asilimia 20 ya kila pauni niliyolipwa, tangu Februari 2021 hadi nilipoondoka.

Rafiki niliyesoma naye amenieleza kwamba mapato yangu ya kazi zote mbili hayakufikia kiwango kinachotozwa kodi, na kwamba fedha hizo ninastahili kurejeshewa. Karatasi za P60 (ya mwajiri kuonyesha malipo na kodi ya mwaka mzima) na P45 (anayokupa ukiacha kazi) ninazo zote. Mgahawa ulinikata pauni 96 kabla ya Aprili 2021, pauni 620 katika mwaka uliofuata, na pauni 300 katika miezi yangu ya mwisho. Nimeambiwa kwamba ukomo wa kudai ni miaka minne, ila kila ninayemuuliza anaanza kuihesabu mahali pake: mmoja anasema tangu siku kodi ilipokatwa, mwingine anasema tangu siku niliyoondoka nchini. Ninaomba mwenye ufahamu anieleze muda huo unahesabiwa vipi, na kama bado nina haki yoyote.

Mhasibu Nkuhungu

Mwalimu, wote wawili wamekosea mahali pa kuanzia. Miaka minne inahesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa kodi ambao fedha hizo zilihusika, na mwaka wa kodi wa Uingereza hauendi na kalenda kama mwaka wa mapato tuliouzoea hapa kwetu, bali huanza tarehe 6 Aprili na kumalizika tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Tarehe ya kukatwa inakusaidia tu kujua fedha iangukie mwaka upi, na tarehe ya kuondoka haibadilishi ukomo hata kidogo.

Kwa hiyo madai yako ni matatu, na kila moja lina saa yake. Pauni 96 ni za mwaka wa 2020/21 uliomalizika tarehe 5 Aprili 2021, na mlango wake ulifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Pauni 620 ni za mwaka wa 2021/22, ambao ukomo wake ni tarehe 5 Aprili 2026, yaani bado miezi isiyofika mitano. Pauni 300 ni za mwaka wa 2022/23, nazo zina nafasi hadi tarehe 5 Aprili 2027. Ninakusihi usizisubirishe zile 620 kwa sababu hizi 300 zina muda mrefu zaidi.

Kuhusu sababu ya makato, nina hakika ukitazama slipu za mgahawa utaona herufi BR kwenye msimbo wa kodi. Msimbo huo huwekwa kwenye kazi ya pili, kwa kudhani kwamba kiwango kisichotozwa kodi kimekwisha kutumika kwenye kazi ya kwanza. Kiwango hicho kilikuwa pauni 12,570 kwa mwaka katika 2021/22 na pia katika 2022/23, na hakigawanywi kwa miezi eti kwa sababu uliondoka Oktoba. Jumlisha mapato ya kazi zote mbili kwa kila mwaka. Jumla ikiwa chini ya hapo, kodi yote ya mapato iliyokatwa mwaka huo ni yako. Usichanganye na mchango wa Bima ya Taifa ya kule, ambao hukokotolewa kwa kila kipindi cha malipo na haurudi kwa sababu tu kwamba mapato ya mwaka yalikuwa madogo.

Mwalimu wa Ihumwa

Ninakushukuru sana, kaka. Nimejumlisha: mwaka wa 2021/22 nilipata pauni 10,300 kwa kazi zote mbili, na mwaka wa 2022/23 pauni 6,400. Msimbo kweli ni BR. Je, nikituma barua kwa posta mwezi Machi, itahesabiwa tarehe ya muhuri wa posta au ya kufika? Vilevile yupo wakala mtandaoni anayetaka theluthi ya fedha ili anidaie.

Binti Kondoa

Dada Mwalimu, panga kana kwamba kinachohesabika ni barua kuwa mikononi mwa mamlaka yao ya kodi, HMRC, kabla ya ukomo, na wala usingoje Machi. Mimi nilituma yangu kwa EMS kutoka posta ya Dodoma mjini na nikatunza risiti yenye namba ya kufuatilia. Andika jina kama lilivyo kwenye P60, namba yako ya Bima ya Taifa, anwani uliyoishi kule, majina ya waajiri wote wawili na namba zao za PAYE zilizo kwenye karatasi hizo, kisha kila mwaka wa kodi peke yake, kiasi unachodai na sababu yake. Malizia kwa tamko kwamba maelezo hayo ni sahihi na kamili kadiri ujuavyo, na utie saini kwa mkono. Kama hukuwahi kujaza fomu ya P85, ambayo ni ya kuwaarifu kwamba umeondoka nchini, ijaze na uiambatishe. Tuma nakala za P60, ila nakala nyingine zibaki nyumbani.

Wakala simshauri, kwa kuwa kudai mwenyewe ni bure na hesabu umekwisha kuifanya. Jambo lililonisumbua mimi ni hundi ya pauni, ambayo benki yangu hapa haikuipokea. Ukiwa na ndugu unayemwamini mwenye akaunti kule, unaweza kumteua kwa maandishi apokee kwa niaba yako. Na ukipata ujumbe wa simu au barua pepe unaosema kodi yako iko tayari, bonyeza hapa, ufute. HMRC hawatangazi marejesho kwa njia hizo.

Mhasibu Nkuhungu

Niongeze kuhusu zile pauni 96. Upo utaratibu wao uitwao B41, unaoruhusu kurejesha kodi baada ya miaka minne, lakini kwa sharti kwamba kosa lilikuwa la HMRC au idara nyingine ya serikali na hakuna ubishi juu ya ukweli wake. Kosa la mwajiri halitoshi. Kwa hiyo kama unayo barua yoyote inayoonyesha kwamba uliwaarifu mapema na hawakurekebisha, iambatishe na uombe kwa aya yake tofauti. Kama huna, tuma madai ya miaka miwili iliyobaki kabla ya Krismasi.