Ushauri: riwaya yangu ina kura za maoni zilizovurugwa na nchi ya nje, nimekwama

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya nchi ya kubuni. Chama tawala kinasaka mgombea urais, waziri wa nishati anachuana na mwanamama wakili, na taifa la nje linaloitolea macho gesi yetu linatia mkono. Nimeandika wadukuzi wanaingia kwenye kompyuta za chama usiku na kubadilisha matokeo. Rafiki yangu kasoma, anasema haiingii akilini. Nifanyeje? Sura hii ndiyo inayobeba kitabu.

Kalamu Kavu
Mkuu, rafiki yako kakwambia kweli. Wajumbe wamejaa ukumbini, karatasi zinahesabiwa mbele ya mawakala. Mdukuzi atabadilisha nini hapo? Soma ya Marekani 2016. Maofisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi walishtakiwa Julai 2018, na hakuna aliyedaiwa kubadilisha hesabu ya kura. Walichofanya ni kuiba barua pepe. John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alitumiwa onyo la uongo lililojifanya limetoka Google, kiungo kikabonyezwa, barua zake zikabebwa. Za makao makuu ya chama chao, Democratic, zilimwagwa hadharani 22 Julai, siku 3 kabla ya mkutano mkuu wa Philadelphia. Upigaji kura wa mchujo ulishakwisha! Wafuasi wa Bernie Sanders, aliyechuana na Clinton ndani ya chama, wakasoma jinsi watumishi wa chama walivyokuwa wakimsema mtu wao, na mwenyekiti wa chama, Debbie Wasserman Schultz, akatangaza kuachia ngazi.

Binti wa Pwani
Naongezea. Barua zile hazikutungwa, ndiyo maana ziliuma. Kwa hiyo katibu wa chama chako awe ameandika kweli jambo la aibu juu ya huyo wakili, kwa mkono wake, miezi kabla wageni hawajatokea.

Msomaji Nairobi
Na usisahau mwenyeji. Hapa kwetu Kenya, wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni kwa data, walinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 wakijigamba kwa kazi waliyofanya kwenye kampeni za Uhuru Kenyatta, 2013 na 2017. Wageni hao walikodiwa. Kwako nani kawafungulia mlango, na kaahidi nini?

Mleta uzi
Asanteni sana, nafuta sura nzima. Sasa, chama kikigundua, kifute matokeo?

Kalamu Kavu
Romania walifuta. Mgombea urais Călin Georgescu aliongoza duru ya kwanza Novemba 2024 akibebwa na TikTok. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ikabatilisha, na uchaguzi uliporudiwa Mei 2025 hakuruhusiwa kugombea. Lakini zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamempigia kwa hiari yao. Mpe mmoja wa namna hiyo nafasi kitabuni: mjumbe wa kijijini aliyemchagua waziri kwa sababu zake mwenyewe, anaambiwa kura yake haihesabiki.

Binti wa Pwani
Na amtazame huyo wakili usoni amwulize kwa nini.