Mafundi wa hita Dodoma, kabla ya kuniuzia kifaa kingine FUNGUENI TANGI!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha.

Nakaa Ilazo. Nina hita ya maji ya kuoga, ya ukutani, lita 50, koili (chuma cha ndani kinachochemsha maji) ya wati 1,500, nimeinunua kwa jasho langu. Tangu Juni ianze maji yanatoka vuguvugu, na baridi ya Dodoma ya miezi hii mnaijua, ule upepo mkavu unaopasua midomo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mtoto anarukaruka bafuni, mama yake anakimbia na sufuria kutoka jikoni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umekata ndani ya wiki mbili kwa maji ya kuoga tu! Hita yenyewe taa inawaka, inazima, inawaka, na ndani inalia kama bisi zinapasuka.

Fundi wa kwanza hata ngazi hakupanda. Akaitazama kutoka mlangoni: "Bosi, thamostati imekufa," yaani kile kidude kinachokata umeme maji yakishapata moto. Elfu 35 na ufundi wake. Hali ileile.

Wa pili akasema umeme wa mtaa wetu ni mdogo, ninunue stebilaiza, kile kifaa cha kuweka umeme sawa. Ni kweli umeme ukishuka hadi volti 180 hita inapoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake. Nikamwambia apime basi. Mita hana! Nikaazima ya jirani, ikasoma 228. Jibu lake: "Inategemea na saa."

Wa tatu ndiye aliyetaka kutuua. Aliona valvu ya usalama, ile inayotoa maji presha ikizidi, inadondosha maji, akasema ndiyo inayopoteza moto. AKAIZIBA. Tepu nyeupe na plagi ya chuma, kaza. Jamani, maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kama robo tatu ya lita, na valvu ile hairuhusu maji kurudi yalikotoka. Yatapitia wapi? Thamostati ikigoma kukata siku hiyo, lile tangi ni bomu juu ya kichwa cha mwanangu. Na elfu 15 nilimpa, nikamwambia na asante.

Jumamosi nikazima breka, nikamwaga maji, nikafungua nati mwenyewe. Koili imenenepa kama gunzi la mahindi, nyeupe pee. Chini ya tangi nimechota magamba vikombe viwili, kama ya mayai. Kijiti cha thamostati kimezama kwenye ukoko huohuo pamoja na koili, kwa hiyo kinahisi joto la koili, kinadhani tangi zima limechemka, kinakata. Ndiyo maana thamostati mpya nayo ilifanya vilevile! Fimbo ya magnesiamu inayokinga tangi lisile kutu imebaki waya mtupu.

Sasa niambieni, fundi wa Dodoma anashindwaje kuwaza hilo? Maji ya visima vya Mzakwe tunayaoga kila siku, sabuni inakataa povu, birika la umeme likikaa mwezi lina ukoko. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ikipata moto inaganda, na ukiweka hita nyuzi 75 kama aliyenifungia ndiyo inaganda haraka zaidi.

Nimerudi dukani na waranti yangu. Muuzaji, huku anakula karanga: "Waranti haihusu maji ya chumvi." We unauza hita hapahapa mjini, ulitegemea niijaze maji ya chupa? Kwa nini hukuniambia nifungue na kusafisha kila baada ya miezi kadhaa? Fimbo ya magnesiamu nilipoiulizia, hajawahi kuisikia.

Koili nimeilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi ukoko unabanduka kwa kidole. Nimerudishia, nimeshusha hadi 60, saa moja na nusu maji yanachoma. Siki chupa tatu. Ukijumlisha na zile elfu hamsini za mafundi utaelewa kwa nini sijalala.

Mwenye kujua fimbo zinapatikana wapi hapa mjini aseme, iwe Majengo au popote. Na wewe uliyeziba valvu, kama unasoma hapa, plagi yako nimeiweka dirishani. Njoo uichukue na elfu 15 yangu mkononi.