Msaada wakuu: spika bapa za sumaku hazitoi besi, ninunue amplifaya gani?

Mwamba_Sauti (Mombasa)
Wakuu, habari za muda huu. Nimeunda jozi ya spika bapa za sumaku, zile zisizo na koni. Fremu ni MDF (ubao wa vumbi la mbao) ya mm 25, eneo la kiwambo, yaani utando unaotetemeka, ni sm 25 kwa sm 120. Kiwambo ni Mylar (plastiki nyembamba) ya maikroni 12. Sumaku ni neodimiamu, vipande vya mm 50 × 10 × 5, mistari 11 kila spika, nguzo za sumaku (N na S) zinapishana, zote upande mmoja juu ya bati la chuma lenye matundu. Kutoka uso wa sumaku hadi kiwambo ni mm 3. Waya ni shaba ya kusukia mota, mm 0.3, mita 30. Mita inasoma omu 3.7.

Sauti ya mwimbaji na ya udi inatoka safi mno. Besi hakuna kabisa, na nikiongeza volumu spika ya kulia inakoroma. Amplifaya yangu ni ya wati 50. Nimeambiwa ya wati 200 itamaliza tatizo. Ninunue ipi? Nina haraka, naombeni msaada.

Wati_Halisi
Mkuu, usitoe hela bado. Kutoka wati 50 hadi 200 unapata desibeli (dB) 6 za sauti tu, na unazipata kila mahali, kwenye besi na kwenye kinanda sawia. Kama besi haipo sasa, haitakuwepo hapo.

Spika bapa kwa amplifaya ni kama rezista: omu zake karibu hazibadiliki kutoka chini hadi juu. Inatosha amplifaya inayohimili omu 4 bila kuchemka. Wati 100 zenye transfoma nzito ni bora kuliko 200 za kwenye karatasi.

Uzi_Mwembamba
Tatizo ni shaba. Hesabu uzito: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminiamu, na hata ukilinganisha kwa omu zilezile, waya wa aluminiamu una nusu ya uzito. Jim Winey alipoanzisha Magnepan kule White Bear Lake, Minnesota, mwaka 1969, wazo zima lilikuwa kiwambo chepesi kinachosukumwa kote kwa pamoja. Apogee ya Massachusetts, iliyoanzishwa 1981 na Jason Bloom na Leo Spiegel, ikaenda mbali zaidi ikatumia karatasi ya aluminiamu. Scintilla yao ilishuka hadi omu 1, amplifaya nyingi zikashindwa kuibeba. Hizo ndizo spika, ndugu zangu. Ng'oa shaba yote, anza upya na aluminiamu ya mm 0.4.

Wati_Halisi
Kaka, shaba inapunguza ukali wa sauti za juu. Haiui besi. Kwenye masafa ya chini hewa inayosukumwa na kiwambo kipana hivyo ni nzito kuliko kiwambo chenyewe pamoja na waya wake. Usimrudishe mtu mwanzo kwa jambo ambalo halimsumbui.

Bi_Mawimbi
Mwamba_Sauti, mbele umetueleza vizuri. Nyuma kukoje? Na spika ziko umbali gani kutoka ukutani?

Mwamba_Sauti
Nyuma iko sawa dada. Nilitaka kujua kuhusu amplifaya tu.

Bi_Mawimbi
"Iko sawa" si kipimo. Iko wazi au imezibwa? Piga picha.

Mwamba_Sauti
Nimeziba kwa plaiwudi ya mm 12. Nimeacha kina cha sm 4 na nimejaza sponji. Spika zinakaa zimegusa ukuta kwa sababu chumba ni chembamba. Spika zote madukani zina boksi, kwa hiyo sioni kosa hapo. Zimeshapakwa vanishi, na ubao umegandishwa na kupigiwa skrubu.

Bi_Mawimbi
Hapo ndipo besi yako ilipokwama.

Koni ya inchi 10 ina eneo la mita za mraba 0.033 hivi. Kiwambo chako ni 0.30, mara tisa. Ugumu wa hewa ndani ya boksi unakua kwa mraba wa eneo, kwa hiyo ndani ya ujazo uleule hewa inakikaza kiwambo chako mara 81 kuliko inavyoikaza koni. Na ujazo wako ni lita 12 tu. Kiwambo ambacho kikiwa huru kingecheza kwenye 40 au 60 Hz (mitetemo kwa sekunde) sasa kinacheza juu ya 400 Hz. Chini ya hapo sauti inaporomoka. Sponji inasaidia kidogo tu, haiwezi kufidia lita zinazokosekana.

Koni inaishi ndani ya boksi kwa sababu ni ndogo na inakwenda mbele na nyuma milimita nyingi. Spika bapa ni kinyume chake: eneo kubwa, mwendo mdogo. Lazima ipumue pande zote mbili.

Mwamba_Sauti
Sawa, lakini nikifungua, sauti ya nyuma si itaifuta ya mbele? Ndiyo maana nilifunga.

Bi_Mawimbi
Inaifuta kiasi, na zaidi kadiri unavyoshuka chini. Dawa yake ni mvuto wa kiwambo na umbali wa ukuta. Kwenye 50 Hz, kuivuta spika iliyo wazi kutoka sm 30 hadi mita 1 kutoka ukutani kunakupa karibu dB 9 zaidi, bila kununua kitu. Utapata shimo karibu na 170 Hz, ambako sauti ya ukutani inarudi kinyume. Sogeza sm 10 au 15 mbele na nyuma hadi lisisikike kwenye kiti unachokaa.

Haki_Kwanza
Hujasema chumba ni cha nani. Chako au cha mteja?

Mwamba_Sauti
Cha mteja. Ameshalipa nusu. Alitaka ziwe ukutani, na fundi hampangii mteja nyumba yake.

Haki_Kwanza
Ndugu yangu, hela ya mtu ni amana. Mwite leo, mweleze kwamba spika za aina hii haziwezi kugusa ukuta, achague: nafasi au pesa yake. Kumuuzia amplifaya ya wati 200 juu ya kosa unalolijua ni dhuluma.

Nyaya_na_Namba
Samahani wadau, mimi naona huu uzi umetungwa. Mita 30 za shaba ya mm 0.3 ni omu 7.1. Yeye anasema 3.7. Pili, mistari 11 ya sm 120 kwa vipande vya mm 50 ni sumaku 264 kila spika, 528 kwa jozi. Mtu aliyepanga sumaku 528 kwa mkono asijue kwamba spika bapa huachwa wazi nyuma? Haya maelezo yamekusanywa mahali.

Uzi_Mwembamba
Hata mimi lile la shaba lilinishangaza.

Wati_Halisi
Mkuu, mambo mawili tofauti hayo. Kupanga sumaku ni subira, kujua mwenendo wa hewa ni jambo jingine. Lakini namba ya omu ijibiwe.

Mwamba_Sauti
Mita 30 ni kwa mzunguko mmoja. Kila spika ina mizunguko miwili, nimeiunga sambamba. Mistari 11 inaacha nafasi 10 katikati, kila nafasi nyaya 5, jumla mipito 50 ya mita 1.2. Nyaya zinapanda nafasi moja na kushuka inayofuata. Sumaku ziliagizwa kwa hela ya mteja. Picha hizi hapa, na mita ikiwa juu ya vituo vya kuungia waya.

Nyaya_na_Namba
Mbili sambamba ni 3.55, ongeza nyaya za kuunganishia, 3.7 inakubalika. Mipito 50 mara 1.2 ni mita 60, sawa. Naondoa shaka kwenye umeme. Sasa fanya jaribio mbele yetu: toa ubao wa nyuma, simamisha spika katikati ya chumba, gusa kiwambo katikati kwa ncha ya kidole mara moja, rekodi kwa programu ya simu inayoonyesha masafa. Tuwekee kilele cha kila spika.

Mwamba_Sauti
Nimetoa mbao. Kushoto 54 Hz, kulia 73 Hz. Besi imekuja, siwezi kukataa. Ya kulia bado inakoroma. Lakini mbao sijazitupa, mteja anaweza kuzitaka.

Bi_Mawimbi
Kulia umewamba kwa nguvu kuliko kushoto, utasikia besi ikiegemea upande mmoja. Tofauti ya 54 na 73 ni kubwa, usiifiche kwa krosova (saketi ya kugawa masafa kati ya spika). Kiwambo cha kulia kitalazimika kuwambwa upya. Vuta pande zote nne kwa mkanda wa gundi kwenye meza, lenga mvuto wa karibu asilimia 1, yaani mm 12 kwenye urefu wa sm 120 na mm 2.5 kwenye upana. Weka alama mbili za kalamu kabla ya kuvuta, upime kati yake. Fremu ishushwe juu ya Mylar iliyokwisha kuvutwa, usivute baada ya gundi. Na usikaze kwa hewa ya moto kama nyaya zimeshabandikwa. Mylar inasinyaa, gundi inalainika, nyaya zinahama kutoka katikati ya nafasi zake.

Ukimaliza usiache kiwambo chote kicheze kwa sauti moja. Gawa kiwambo kwa vitone vya silikoni vinavyokishikiza kwenye bati, nafasi zisilingane: theluthi moja, kisha sehemu mbili zisizo sawa. Kila sehemu itakuwa na mlio wake na kilele kimoja kikali kitatawanyika.

Wati_Halisi
Kuhusu kukoroma: cheza toni moja, panda polepole kutoka 30 hadi 300 Hz kwa sauti ndogo. Inapokoroma, gusa nyaya moja moja kwa brashi laini ya rangi. Ikinyamaza chini ya brashi, waya umebanduka hapo. Mara nyingi ni kwenye kona, unapogeuka. Ingiza gundi ya mguso ya maji kwa sindano, tone dogo, acha saa 24. Ile ya njano ya viatu usiitumie kukarabati, kiyeyushi chake kinalainisha gundi ya jirani. Ikiwa brashi haibadilishi kitu, bonyeza bati kwa kidole gumba. Huenda skrubu imelegea au bati linapiga fremu.

Uzi_Mwembamba
Na siku ukihamia aluminiamu, usijaribu kuilehemu kwa risasi ya kawaida. Ibane kwenye kiungio cha shaba nyeupe, kisha paka vanishi juu ya kiungo. Hewa ya chumvi ya pwani inaila aluminiamu inapokutana na shaba.

Mwamba_Sauti
Nimeupata waya, kona ya juu kulia, umebanduka sm 6 hivi. Mteja anakuja kesho jioni. Nitamwekea ya kushoto wazi mita 1 kutoka ukutani, kisha niiegemeze ukutani na ubao wake, asikie zote mbili kwa wimbo mmoja. Akitaka ukuta, je, spika bapa zikatwe chini ya 500 Hz na sauti za chini ya hapo niziachie koni za inchi 8 kwenye boksi?

Bi_Mawimbi
Inawezekana, lakini pale 500 Hz ndipo ubao wako unapoleta kilele. Kata 800.