Hivi "mrengo wa kulia" ni jina la ukoo? Habari za Marekani zimenichosha

Wakuu, nimeshiba. Nina hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Jana saa mbili usiku nipo barazani na baba mkwe, redio moja (siitaji) inasoma habari za Marekani. Katajwa mbunge wa Republican: "mwanasiasa mwenye msimamo mkali wa mrengo wa kulia". Dakika haijapita akatajwa wa Democratic: "mbunge". Basi. Hana mrengo, hana msimamo, kashuka na mvua.

Mzee akaniuliza, "Huyo wa kwanza kaua nani?" Hajaua mtu, baba. Anapinga utoaji mimba. Jambo ambalo mzee mwenyewe, na safu nzima anayoswali nayo, wanalipinga tangu wapate akili. Kumbe nimeoa kwa watu wenye msimamo mkali na sikuambiwa!

Msinipe habari za mtafsiri kupitiwa. Mtafsiri anageuza kilichopikwa London na New York. Uji ukiungulia jikoni, bakuli halina kosa.

Tena kuungua kwenyewe si kwa siri. Mwaka 2024, wiki moja kabla ya uchaguzi wa Marekani, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha hotuba ya Trump ya Januari 6, 2021, siku wafuasi wake walipovamia Capitol, jengo la bunge la Marekani. Unamsikia akisema twendeni Capitol, nitakuwa nanyi, na tunapigana, tunapigana kufa na kupona. Inateremka kama sentensi moja. Kumbe ni vipande vya kuunga, na kati ya cha kwanza na cha mwisho zimepita zaidi ya dakika 50! Pale alipotaja kwenda Capitol aliendelea kusema wakawashangilie maseneta na wabunge wao. Aliposema "kwa amani", pamekatwa. Uvamizi ule siutetei, vioo vya bunge tuliviona vikivunjwa. Lakini mwenye kesi nzuri anakata mkanda wa nini? Ilichukua mwaka mzima, mpaka waraka wa ndani ulipovujia gazeti la Telegraph Novemba 2025, ndipo Mkurugenzi Mkuu wa BBC Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness wakaachia ngazi, siku moja wote wawili.

Mtu mmoja akikosea, namuelewa. Ila chumba kizima kikiwa na mawazo ya aina moja, nani atamshika mwenzake mkono? Uri Berliner, mhariri aliyekaa NPR, redio ya umma ya Marekani, miaka 25, aliandika Aprili 2024 kwamba alichungulia daftari la wapiga kura, akahesabu wahariri na waandishi wa makao makuu yao Washington: Democratic 87, Republican 0. Sifuri, wakuu! Akasimamishwa siku tano bila mshahara kwa kuandika nje bila ruhusa, naye akaacha kazi.

Sasa mnashangaa habari ya laptopu ya Hunter Biden, mtoto wa Joe Biden aliyekuwa anagombea urais kwa Democratic, ilifukiwaje? Gazeti la New York Post lilitoa barua pepe zilizokuwamo Oktoba 2020. Twitter wakazuia watu kusambaza kiungo chake. Maofisa wastaafu 51 wa usalama wakaandika barua kwamba inanukia mkono wa Warusi, na humohumo wakakiri hawana ushahidi. Barua ikatangazwa kila kona. Machi 2022 New York Times na Washington Post ndiyo wanatuambia kuna barua pepe mle ambazo ni za kweli. Baba mtu yuko Ikulu mwaka wa pili.

Najua mtakuja na Fox News, televisheni ya upande wa kulia. Njooni. Fox walilipa Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, zaidi ya dola milioni 787 mwaka 2023 kwa uongo wa uchaguzi, na walistahili. Lakini Fox mnaisikiliza mmekaza macho. Hawa wengine mnawameza kama dawa ya hospitali, mnawatafsiri, mnatusomea kwa sauti nzito.

Wahariri mliomo humu, sitaki mumpende Trump. Nataka hiyo mirengo muwape wote au muwavue wote. Na aliyeandika ile taarifa ya jana, kama upo, njoo ujibu: yule wa Democratic mrengo wake uliusahau au hukuuona? Nipo hapa mpaka bando liishe.